Masikio

Zafarani aliletwa kutoka kaskazini kwa lori la vitunguu,
mfupi, kifua pipa, kwato kavu kama vifuu,
farasi wa Kisomali asiyeuliza leo atakula nini.
Hakimu alishuka kutoka Nairobi na karatasi zenye mihuri:
babu yake ana jina, nyanya yake ana jina,
alikimbia Ngong mara kumi na nne, akashinda moja,
na akiona mfuko wa plastiki roho humtoka.

Bi Shamsa akasema: tuwachanganye.
Nami, mshika hatamu, mla mshahara wa Ijumaa,
nikapewa daftari.

"Andika, Mbeyu. Miguu ya baba. Kwato za mama.
Mbio za baba. Tumbo la mama,
linaloridhika na nyasi za kando ya barabara ya Mkomani."
Nikaandika. "Na hasira?"
"Hasira acha wazi."

Usiku nikazisoma zile safu mbili,
nikaona jambo ambalo Bi Shamsa hakuniandikisha:
huenda mwana akachukua miguu ya mama
na akili ya baba,
kimo cha mbuzi na woga wa bwana mkubwa.
Damu haipimwi kwa ratili za Kongowea,
huwezi kumrudia muuzaji ukamwambia
punguza hiki, niongeze kile.

Najua. Mimi mwenyewe ni hesabu ya watu:
pua ya Hadhramauti, magoti ya Kaloleni,
sauti sijui ya nani.
Mashangazi wa upande huu walinichambua nywele,
wa upande ule walinitazama visigino,
na kila mmoja akarudi kwake
na kile alichokuja kukitafuta.

Wavulana wa ufuoni wakaweka dau.
Chengo: atakuwa na nyota kwenye paji.
Kibwana: atakuwa mrefu, mtalii hampandi bila ngazi.
Dakta Ngowa, mkono umezama hadi kwapani,
akasema tu: yu hai.

Mwezi wa kumi na moja ukaisha.
Siku tano. Kumi. Siku kumi na nane.
Bi Shamsa akasoma Yasini, mimi nikabadilisha majani.
Kalume muuza maji akapita,
na punda wake, Tajiri, akasimama langoni bila kuambiwa,
akalia ule mlio wa bomba la mji lililokaukiwa.
Zafarani akageuza shingo.
Hapo ningejua. Sikujua.

Alfajiri ya Jumatatu, mvua, umeme umekatika:
kwato za mbele, kisha pua, kisha
nikamulika kwa simu.
Masikio.
Yalitoka, yakatoka, hayakuisha,
marefu kama miko ya pilau ya harusi,
yamelowa, yamelala nyuma,
halafu moja likasimama lenyewe
kusikiliza mvua.

Ndipo nikakumbuka ile wiki
ua wa makuti ulipolala chini, tukasema tutausimamisha kesho.

Zizi la pili, Hakimu aliiogopa taa.

Bi Shamsa alikaa juu ya ndoo, kimya.
Kisha akacheka mpaka mtandio ukamwanguka:
"Mihuri yote ile, Mbeyu, nimepata baghala!"
Wavulana wakarudishiana pesa zao.
Kalume akaja na madebe mawili ya maji ya bure,
kavaa kanzu iliyopigwa pasi,
kama mtu anayekwenda kuposa
baada ya kuitwa baba.

Shukrani ya punda ni mateke, wasemao husema.
Hii ilikuwa na miguu minne
na ilisimama juu yake kabla chai haijachemka.

Hatazaa, asema Dakta. Kwake hesabu inakoma.
Hakuna atakayekaa chini ya taa
agawanye kwato zake na tumbo lake safu kwa safu.
Labda ndiyo maana anatembea vile,
saa sita, mchangani, kama asiyedaiwa na mtu.

Daftari nililisahau jana juu ya ukuta wa zizi.
Alianza na ukurasa wa baba.