Mrija

Jumatano, kipindi cha kwanza baada ya ugali,
niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: SOLEN.
Neno la Wagiriki. Mfereji, bomba,
kitu kinachofaa kwa sababu ndani yake hamna kitu.
Kidato cha Tatu wakanitazama kwa macho ya kushiba.
"Mwalimu, litakuja kwenye mtihani?"
Nikasema sijui, na kweli sikujua.
Nililipenda tu, kama mtu apendavyo ufunguo
aliouokota njiani, hajui kufuli lake.

Saa kumi na robo, nyuma ya stoo ya kuni,
pale msitu wa Kakamega unapoegemea ua wa shule,
Mukabwa akakanyaga majani ambayo hayakuwa majani.

Kifutu.
Hakukimbia. Wanene hawana haraka.
Aliyakunja meno yake, akayalaza juu kinywani
kama fundi akunjavyo kisu cha mfukoni:
meno yenye tundu tangu shinani hadi karibu na ncha.
Nami, Mungu anisamehe, magoti yangu topeni,
kisigino cha mtoto wa watu mikononi,
nikawaza: soleni. Ndilo hili.
Limenifuata kutoka darasani.

Usisogeze mguu. Usifunge kamba. Weka huo wembe.
Khayanga mpishi alitaka kuifyonza sumu kwa mdomo,
nikamsukuma kwa kiwiko, akanuna,
kisha akavua aproni akamfunika mtoto.

Ambulensi ya Shinyalu ilifika upesi, nashuhudia.
Ilizimwa ili machela ipakiwe.
Ikakataa kuwaka.
Tik.
Lumwachi akazungusha ufunguo tena.
Tik.
"Betri nzima," akasema. "Ni solenoidi."

Nikacheka. Sistahili kueleza kicheko kile.

Akainua boneti, akaninyooshea kidole
kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza:
mkebe mdogo mgongoni mwa stata,
na ndani yake uzi wa shaba umezungushwa, umezungushwa,
mamia ya mizunguko kulizingira tundu tupu.
Umeme ukipita kwenye uzi
tundu lile hupata mkono, huvuta chuma.
"Wangu umechoka kuvuta."
Akalaza bisibisi juu ya boliti mbili,
cheche zikaruka hadi kwenye ndevu zake,
injini ikakohoa, ikakubali.

Kutoka Shinyalu hadi Khayega ni mashimo.
Kutoka Khayega hadi mjini ni lami,
na malori ya miwa yasiyompisha mtu.
Kichwa cha Mukabwa pajani mwangu,
mguu wake umejaa kama mto wa pamba.
Alikuwa akihesabu pumzi. Kwenye arobaini na kitu akaacha.
Nikamwita. Nikamwita tena.
"Mwalimu," midomo mikavu, "ule mrija wa babu wa busaa,
nao ni soleni?"
Ule mrefu, unaotoka kitini hadi chunguni
bila mzee kuinama.
Nao pia, nikasema. Nao pia, endelea kuhesabu.

Wodini Sista Apondi alikuwa na sirinji tayari.
Hilo nalo neno la Kigiriki, la ukoo mwingine,
tete la mchunga kondoo, filimbi ya mwanzi.
Nilifungua mdomo kumwambia.
Nikaufunga.
Dawa ilishuka kwenye mpira, tone, tone,
nikazitazama zile tone hadi madirisha yakawa meusi
na mlinzi akaniuliza kama mimi ni mama mzazi.

Mtihani haukuliuliza.
Mukabwa anatembea akichechemea kidogo, asubuhi zaidi,
na kwenye daftari lake, chini ya lile neno,
amechora nyoka, chungu, na gari lenye boneti wazi,
mshale mmoja ukipita katikati ya vyote.
Nilimpa alama saba kwa kumi. Mshale haukuwa na jina.

Solenoidi mpya bado haijaletwa.
Kila jioni Lumwachi huegesha gari mteremkoni,
na bisibisi hulala chini ya mto wake.