Chumba cha Elfu Kumi na Tano

Niliuza magunia mawili ya viazi, pale Uyole,
na deni la koti nikalisukuma mwezi mmoja mbele,
maana Subilaga alifaulu darasa la saba
na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na kitasa,
nilikwisha kumwambia: ukifaulu, tembo.

Watoto husahau viatu uwanjani,
husahau kumwamkia bibi yao.
Tembo hakumsahau.

Iringa tulishukia kwenye baridi ya saa mbili usiku.
Gesti ya kwanza, Miyomboni, mhudumu alivipima viatu vyetu
kisha akataja bei: arobaini, pamoja na chai.
Nikauliza, na bila chai?
Akasema chai haitoki, imo chumbani kama dari.
Ya pili ilikuwa elfu nane,
baa upande wa pili wa ukuta,
na mlango unafungwa kwa kijiko.
Nikamtazama binti yangu, nikarudisha kijiko.
Ya tatu ni ya kanisa, safi, ina maua:
imejaa hadi Jumatatu, kuna semina ya wahasibu.

Tulilala Mlandege. Yeye kitandani,
mimi kwenye kiti, nikihesabu noti gizani
kwa vidole, kama mtu anayesali.

Kesho yake Kalenga, Idodi, vumbi, Tungamalenga.
Kando ya mto kuna mahema yenye vitanda vya mninga.
Kijana wa getini, mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi:
"Ni dola mia tatu na hamsini, mwalimu."
Kwa chumba?
"Kwa kichwa."
Nikavihesabu vichwa vyetu.
Vilikuwa viwili.

"Kamwene," akasema mama mmoja aliyekuwa akipeta maharage
ng'ambo ya barabara, kana kwamba alikuwa akitungoja tukataliwe.
Mama Ngwembe. Chumba ni cha mwanawe aliyeko Dodoma,
suruali yake ya shule bado iko msumarini.
Elfu kumi na tano, ndoo moja ya maji ya moto,
sabuni mia tano, haimo.
Nikamwomba apunguze.
Akapunguza sauti, bei ikabaki palepale.

Saa nane usiku debe likalia.
Nikadhani moto. Nikatoka na shuka la watu begani.
Mama Ngwembe alikuwa kwenye mahindi yake, kandambili mguu mmoja,
anapiga debe kwa mwiko na kutukana kwa Kihehe,
na mbele yake giza lilikuwa na masikio.
Giza lilikuwa linatafuna.

Watatu. Labda wanne, sikuhesabu.
Subilaga alinishika mkanda, hakupiga kelele.
"Baba, ndio hao?"
Ndio hao, mwanangu.
"Tumelipa?"

Nikaokota sufuria, nikapiga.
Mwalimu mzima, miaka kumi na tisa ya chaki,
nawafukuza niliowafuata kwa magunia mawili ya viazi.

Waliondoka walipotaka.
Alfajiri tulitembea kati ya mabua yaliyolala,
nyayo kubwa kama karai, umande umetuama ndani.
Subilaga aliingiza miguu yote miwili katika unyayo mmoja
na nafasi ikabaki.

Mama Ngwembe akaniuliza, wale wazungu wa ng'ambo
wanalipa ngapi kuwaona?
Nikamtajia.
Alicheka hadi akaketi juu ya debe,
akafuta macho kwa kanga, akacheka tena,
kisha akanyamaza muda mrefu akitazama shamba.

Nilimpa ishirini. Nikamwambia abaki nayo.
Akaingia ndani, akakawia,
akatoka na elfu nne na mia tano, noti zimenyooshwa,
na sarafu zimefungwa kwenye kipande cha karatasi.
"Sabuni mlitumia," akasema.