Lari Nane

Saa tisa usiku, Kutaisi, mvua ya Machi
inapiga bati la Bi Tsiala wa ghorofa ya chini,
nami niko jikoni, soksi mbili kila mguu,
kidole juu ya kitufe
nilichokiogopa miezi saba kama sindano.

Nimeandika magodoro.
Nimeandika dawa ya meno, na bima ya mbwa
kwa watu wa Oslo ambao sijui mbwa wao wanaitwaje.
Maneno elfu moja kwa bei ya mikate mitatu,
na malipo yalikuja mwezi wa pili baadaye,
au hayakuja: "Tumefunga ofisi, tunakutakia heri."
Heri haikaangiki.

Mbao za matangazo ya kazi zilikuwepo, sisemi hazikuwepo.
Ila kubandika tangazo ni dola mia tatu,
basi waliobandika ni wenye mia tatu,
na wenye mia tatu hawamtafuti mtu wa Kutaisi.
Mwenye asali, mwenye kiwanda kidogo cha soksi,
daktari anayetaka kueleza mtoto wa jicho
kwa maneno ambayo bibi yake angeyaelewa,
hao walibaki na maneno kooni,
sisi tukabaki na vidole mezani,
ukuta mwembamba katikati,
kila upande ukisikia mwenzake anakohoa.

Nilipomwambia Otari nitatoza lari nane
aliacha kutafuna.
"Nane? Hiyo ni bei ya mkate wa jibini na chai."
Ndiyo. Mtu akose mlo mmoja, apate mwandishi.
"Utakufa njaa."
Njaa naijua, nikasema, tumesoma darasa moja.

Masharti yalikuwa matatu, la tatu nililifuta mara nne:
Tangazo litaje malipo, kwa tarakimu, si "tutaelewana".
Malipo yatoke ndani ya siku kumi na nne.
Mwenye ubao haombi kazi ya ubaoni.

Nikabonyeza.
Nilidhani kitu kitalia.
Friji iliguna, ikanyamaza.

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili,
mtu aliuliza kama nauza mbao, inchi mbili kwa nne.
Ya tatu mama akapiga simu kutoka Tskaltubo:
"Umeshaajiri wangapi?"
Nikamwambia mtandao haushiki vizuri.

Ya nne, alfajiri, lari nane zikaingia.
Gocha, mchonga mawe ya makaburi, barabara ya Bagdati:
"Natafuta mtu wa kuandika. Watu wanakuja
na jina na tarehe mbili, wananiuliza
katikati niweke nini. Mimi najua jiwe tu.
Mistari miwili, mitatu. Lari arobaini kwa kila marehemu,
siku hiyo hiyo. Asiwe mtu wa kutia chumvi.
Jiwe halifutiki."

Nilisoma nimesimama.
Katikati ya tarehe mbili!
Mimi niliyemaliza miaka sita
kati ya povu na godoro.
Mkono ukaenda wenyewe kuomba,
na sharti la tatu likanitazama.
Nani angejua? Tangazo moja, mtu mmoja,
saa kumi na mbili asubuhi.

Nikaenda kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

Otari ndiye aliyeipata.
Jumapili alikuja na vumbi jeupe kwenye mikono ya koti,
akanisomea alichomwandikia fundi saa wa karibu na soko:

*Alichelewa mara moja tu.
Bado tunamngoja.*

Sikusema neno. Nilimwonea wivu
mpaka nikasikia njaa.
Tukagawana mkate wa jibini, akalipa yeye,
lari tisa; bei imepanda.

Nilipofika nyumbani nikakuta tangazo la pili.
Yule wa soksi.