Ukuta Uliochoka

Ukurasa wa arobaini na moja,
mwandishi anasema tu: ukuta uliochoka.
Hataji rangi.
Siku mbili nilizunguka maduka ya barabara ya Kirinyaga
nikiulizia rangi ya uchovu.
Muuzaji akanifungulia mkebe wa kijivu. Nikamwambia hapana,
kijivu hakijachoka, kijivu kimezaliwa hivyo.

Mwishowe nilichemsha majani ya chai, sufuria nzima,
nikapaka mbao za Gikomba,
nikawasha koroboi chini yake
hadi masizi yakapanda yenyewe,
kama ambavyo yangepanda kwa watu waliopika humo miaka ishirini.
Humu ghalani, Lunga Lunga, tumejenga Kaloleni
yenye kuta tatu.
Wa nne tumeuachia kamera.

Hati imebadilika tena jana usiku.
Shangazi wawili wameshonwa wakawa mmoja,
mwembamba, maana gauni lilikuwa limeshakatwa.
Na Wasike, yule kaka aliyepooza miguu,
aliyekaa dirishani sura kumi na tatu
akihesabu waliorudi kutoka kazini na wasiorudi,
amefutwa.
"Anachelewesha hadithi," alisema mwongozaji,
wala hakusema kwa ukali.
Alisema kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele.

Ila dirisha libaki. Linaleta mwanga.

Alhamisi akaja mwandishi mwenyewe, Bwana Namulanda,
kofia mkononi, kama anayeingia kwa watu.
Alipiga hodi kwenye mlango usio na nyumba nyuma yake.
Akagusa meza. Akanusa ukuta.
"Nani alikwambia habari ya koroboi?"
Wewe, nikamjibu.
Akacheka. Hakuiandika popote, alisema.
Nilikipekua kitabu usiku kucha, na kweli,
haimo.

Habari za Wasike hakuuliza.
Alisimama tu dirishani, akatazama nje,
yaani akatazama nyaya, na kijana wa taa akila maandazi.

Kesho yake, kabla taa hazijawashwa,
nilichukua msasa
nikasugua ubao wa dirisha mahali pawili,
upana wa viwiko,
taratibu,
miaka yote ya Wasike kwa nusu saa.
Fundi mwenzangu, Kithome, aliniona. Akanipa msasa laini zaidi.

Utaiona sinemani: kamera inapita hapo
ikimfuata shangazi anayekwenda kuepua chungu.
Sekunde mbili.
Ukikohoa, umempita.