Kibao cha Mlango wa Tatu

Baraza la Mji, Wete, wameniita
na kopo la rangi nyeusi na brashi mbili
nifute BWANA AFYA, niandike AFISA.
Herufi tano zitoke, tano ziingie.

Mle ndani, mwaka wa sita huu, yumo Bi Mize Ngwali,
aliyelifunga bucha la Limbani kwa ajili ya nzi,
aliyekagua vyoo vya soko na tochi mdomoni.
Mwenye shida akibisha hodi, akimwona, huuliza:
"Bwana Afya katoka?"
Naye, bila kuinua kalamu:
"Hajatoka. Kaa kitako."

Kikaoni, nasikia, walibishana hadi adhuhuri.
Mzee Faki alishika kwamba bwana ni heshima tu.
"Basi na mkeo muite bwana,"
Bi Mize kamjibu, na chai ikaletwa kabla ya wakati.

Nilicheka, kisha brashi ikanisimama mkononi.
Lugha ya mama yangu haikuuliza kamwe:
yumo, katoka, anakuja,
kanzu au buibui, neno lile lile.
Bwana tulimbandika wenyewe,
kwa rangi ya mafuta.

Nimepiga mikono mitatu. Bado,
jua la saa kumi likiingia kwa ubavu
B inachungulia chini ya A
kama kovu la ndui.
Karani anataka mkono wa nne.
Nimemwambia kopo limekwisha.

Mkaanga kachori kafika na cheti chake,
hakusoma kibao.
"Yumo?"
"Yumo. Angalia rangi, mbichi."