Siku Nne za Msiba

Ofisi yangu iko nyuma ya mizani,
kiwanda cha kukoboa kahawa, Moshi.
Mashine zikiwashwa, kikombe changu cha chai hutembea chenyewe mezani
nami hukirudisha bila kukitazama.
Mlangoni wameandika Utumishi.
Wachambuaji wana jina lao: Kwa Mama Barua,
maana aitwaye humu hatoki mikono mitupu.

Jumatatu nilisuluhisha kigoda.
Wanawake wawili, kigoda kimoja kisichoyumba,
miaka sita ya salamu za mdomoni tu.
Niliandika: pande zote mbili zimeafikiana.
Hazikuafikiana. Nilinunua kigoda cha pili
kwa fedha ya chai ya wageni.

Jumanne wakaniletea Kaanaeli Mlay,
mpakiaji, zamu ya usiku, miaka kumi na mmoja bila onyo.
Shtaka: udanganyifu.
Mwaka juzi aliomba siku nne, akazika mama.
Mwezi huu kaomba siku nne, kazika mama.
Meneja wa uzalishaji alizilaza fomu mbili sambamba,
akazinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi:
"Bi. Nakiete, binadamu huzaliwa mara ngapi?"

Katibu wa tawi akakohoa.
Nje gunia lilianguka, mtu akacheka.
Kaanaeli alikuwa amevua kofia;
juu ya nyusi ngozi yake ilikuwa safi,
chini yake vumbi la makapi, mpaka kidevuni.
"Yule alinizaa," alisema. "Huyu alinilea."
Akanyamaza, kama mtu aliyekwisha kutua mzigo
na haelewi kwa nini bado anatazamwa.

Sheria naijua kama njia ya chooni gizani.
Mwenza. Mtoto. Mzazi. Babu, bibi,
mjukuu, ndugu wa tumbo moja.
Mama mkubwa hayumo.
Aliyeiandika bila shaka naye anaye mama mkubwa,
lakini siku ile hakumkumbuka,
au alimkumbuka, akapiga hesabu.

Niliomba dakika kumi.
Jalada lake lilikuwa chini kabisa ya kabati, mende wamelila pembeni.
Fomu ya kuajiriwa, wino wa bluu,
mwandiko wa kijana anayeogopa kukosea:
Jina la mama: Elinipenda.
Ndiye wa sasa. Ndiye wa Mamba, aliyezikwa Alhamisi migombani.
Wa mwaka juzi hayumo popote.

Meneja aliisoma mara mbili.
Kisha akauliza, kwa sauti ya upole kabisa,
zile siku nne za kwanza tumkate lini.

Ndivyo ulivyo ushahidi wangu: humng'ata na mwenye kuuleta.
Nilisema mengi, sitayarudia yote.
Nilisema mwenye kuzaa ni mzazi hata fomu isipomjua.
Nilisema aliyeandikwa tulimpigia mhuri wenyewe,
na mhuri huo huo ndio unaolipa mshahara wa meneja.
Hilo la mwisho halikuhitajika.
Tulifunga shauri saa saba kasoro. Kaanaeli alitia sahihi,
akauliza kama zamu yake ya usiku iko palepale.
Sikumwona akifurahi.

Jioni nilirekebisha fomu.
Badala ya Jina la mama, niliweka: Mama (andika wote),
mistari mitatu chini yake.
Nilijaribu kwa kujijazia mwenyewe.
Wa kwanza niliandika haraka. Wa pili, wa Usangi,
aliyenilipia ada kwa tangawizi, kalamu ilikaa,
kwa kuwa jina lake la shule sikuwahi kulijua,
na sasa wa kumuuliza hayupo.
Alipofariki nilichukua siku moja.
Niliandika: sababu binafsi.

Fomu ilirudi kutoka makao makuu, Arusha,
neno wote limekatwa kwa kalamu nyekundu,
mistari miwili imefutwa. Nafasi ni finyu, wameeleza.

Na leo saa nane wale wa kigoda wamerudi.
Sasa wanagombea kile kipya.