Dawa ya Deni

Tajiri alipofunga nyumba akarudi kwao
hakuniachia mshahara wa miezi miwili.
Aliniachia mbwa.
Nikamwita Deni.

Mwaka wa tatu huu twalinda lango lisilo na mwenyewe,
huku Casuarina, nje kidogo ya Malindi,
mimi na tochi na kifurushi cha mogoka,
yeye na meno.
Hadi uvimbe ulipotokea
chini ya jicho la kushoto, mdogo kama kunazi.

Nikasema nyigu.
Chengo wa chapati akasema swila kamtemea.
Wa bodaboda akasema ni jiwe la watoto.
Nikanunua dawa ya macho, ya binadamu,
nikampaka asubuhi na jioni.
Uvimbe ukashuka, ukapanda,
usiku mmoja ukapasuka, ukatoa usaha,
ukajifunga, ukavimba tena.
Nikasema, jicho hili kaidi.

Na hapa niseme la aibu:
nilimpiga.
Alikuwa akiangusha ugali. Anatwaa tonge, analitema,
analitazama kama mtu aliyesahau jina la mgeni.
Nikamwambia, umezoea nyama za tajiri wewe,
nikamchapa kandambili.
Hakulia.
Mimi gego langu likinivuta
naamsha hata kunguru;
nina karafuu mfukoni, maji ya chumvi kwenye chupa,
najua usiku wa jino una saa ngapi.
Yote hayo nayajua, na bado nilipaka jicho.

Aliyeona ni Bi Zuwena, ng'ambo ya ua,
ambaye hamgusi, kwa kuchelea udhu wake,
na Deni akipita hulikusanya buibui
kama anayevuka dimbwi.
"We Tsuma! Mbwa wako atafuna upande mmoja.
Mwezi mzima namtazama.
Na harufu ya kinywa chake
yafika kwangu kabla yake."

Daktari Nyevu amezoea mbuzi wa Ganda
na ng'ombe wa Kakoneni.
Aliinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akachungulia,
akasema, "Jicho halina kosa."
Gego kubwa la juu lilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.
Uozo uliingia hapo, ukashuka mzizini,
na mizizi ya gego hilo
imelala chini tu ya jicho.
"Umekuwa ukimpa nini cha kutafuna?"

Nikanyamaza.
Kila Ijumaa, kutoka buchani,
mfupa wa paja la ng'ombe, mgumu kama nondo.
Zawadi yangu.

Elfu sita. Nilikuwa na elfu mbili na mia moja.
Nikaacha simu rehani.
Bi Zuwena akamtuma mjukuu na mia tatu ndani ya kitambaa:
"Mwambie si za mbwa. Ni za kuondoa harufu."

Sindano ya usingizi, ulimi ukalala nje.
Jino moja, mizizi mitatu;
daktari akalipasua kwanza, kama mtu agawaye muhogo,
akang'oa kipande kwa kipande.
Nilishika mguu wa nyuma. Ulikuwa na joto.
Nilimwomba radhi mguu, maana masikio yalikuwa yamelala.

Wiki nzima wali rojorojo na mchuzi wa samaki,
bakuli likisukumwa kwa ufagio chini ya ua,
na sauti: "Bakuli usinirudishie."

Siku ya tisa nazi ilianguka, Deni akabweka.
Uvimbe umenywea, kumebaki alama
kama nukta ya kalamu.
Vile vipande vitatu vimo kwenye kiberiti;
nikichoka kukesha navitikisa.

Namba ya tajiri haipatikani.
Dawa ya deni kulipa, walisema,
hawakusema nani.
Deni amelala, kinywa wazi, upande wa pengo juu.
Na ulimi wangu umekwenda wenyewe
kule nyuma,
kwenye gego langu.